Kipimo cha kupuliza kiko safi, mbona kifua bado kinabana?

Pole ndugu. Kikohozi cha usiku, kifua kubana ukivuta moshi au hewa baridi, halafu unaambiwa spirometria (hicho kipimo cha kupuliza) iko sawa na huna kitu! Usijione mzushi. Njia za hewa zenye kipenyo chini ya milimita 2 ni nyingi mno, hivyo sehemu kubwa yake inaweza kuharibika kabla ya hewa unayotoa sekunde ya kwanza ya kupuliza kupungua.

Mimi nina pumu na nilizungushwa hivyohivyo. Kilichonisaidia ni kipimo cha kuchokoza njia za hewa: unavuta methakolini (dawa inayofanya njia za hewa zibane), dozi ikipanda kidogo kidogo, huku wakikupima kila hatua. Hewa ile ya sekunde ya kwanza ikishuka kwa asilimia 20, tena kwa dozi ndogo, njia zako ni nyepesi kubana. Hapo pia si lazima iwe pumu. Hata mafua ya juzi huweza kuleta jibu hilo. Kipimo hiki hufanyika mbele ya mtaalamu tu, maana kinaweza kukubana kweli.

Kwa sasa andika dalili na saa zake kwa wiki 2. Kama unavuta sigara, acha (najua, rahisi kusema). Usiazime inhela ya mtu, itaficha majibu.

Ukishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, au midomo ikigeuka bluu, kimbia hospitali saa hiyohiyo. Ukikohoa damu au ukikonda bila sababu, muone daktari bila kungoja hizo wiki 2.