Sanduku la juu likiwa tupu, litoe kabla ya baridi

Dada, umeuliza kama uliache sanduku la pili kwenye mzinga wako hapo Minnesota, maana kundi ulilolianzisha Mei limejaza la chini tu na Septemba ndiyo hii. Litoe. Wakati huu nyuki hawajengi tena masega ya maana, na nafasi tupu wanalazimika kuilinda dhidi ya nondo wa nta na nyuki wezi wa mizinga ya jirani.

Ila kwanza inua fremu, zile za kubeba masega, moja moja uzitazame. Zenye asali iliyozibwa kwa nta zihamishie chini, pembeni, mahali pa zile tupu. Katikati kwenye majana, yaani watoto wa nyuki, usipaguse. Kama uliweka wavu wa kumzuia malkia, uondoe kabisa. Kundi likipanda kufuata asali, yeye atabaki chini afe kwa baridi.

Sikufichi, sanduku moja kwa baridi ya huko ni kamari. Wafugaji wa huko hupenda mawili, yenye asali ya kilo 35 au zaidi. Kwa hiyo anza leo kuwalisha sukari kilo 2 kwa lita 1 ya maji, chombo kikiwa ndani ya mzinga, mpaka joto lishuke chini ya nyuzi 10 hivi. Baada ya hapo hawainywi.

Na utitiri wa varroa, wadudu wadogo wanaowanyonya nyuki, umeupima? Kundi dogo lililoshambuliwa mara nyingi halifiki Machi, hata likiwa na asali tele. Mlango nao upunguze, panya wanatafuta pa kulala.