Kamati ya wataalamu wa mlipuko iulizwe swali lenye tarehe

Kamati ikiulizwa "tufanye nini na ugonjwa huu?", italeta ripoti ndefu ambayo waziri hataimaliza, na kosa halitakuwa la kamati. Swali linalojibika hubeba uamuzi, njia mbili tatu za kuchagua na siku ya mwisho: "Jumatatu tunaamua kuhusu shule. Tukizifunga zote wiki 3, tukifunga za bweni tu, au tukiziacha wazi, mwisho wa mwezi ujao tutakuwa na wagonjwa wangapi wanaohitaji oksijeni?" Mpeni mwenyekiti swali hilo kabla ya kikao. Mara nyingi yeye ndiye huona kwamba mmeuliza kisichopimika.

Jibu la namba moja tupu likataeni. Daini kiwango cha chini, cha juu, na uhakika wake: mdogo, wa kati au mkubwa. Machi 2020, SAGE, jopo la wanasayansi wanaoishauri serikali ya Uingereza, lilikadiria kwamba wagonjwa wa UVIKO-19 wanaongezeka maradufu kila siku 5 au 6. Muda mfupi baadaye ikaonekana kwamba ni siku 3 hadi 5. Pigeni hesabu: wagonjwa 200 wakiongezeka maradufu kila siku 6, baada ya siku 12 ni 800. Ikiwa ni kila siku 3, ni 3,200. Na hatua ya leo itachukua wiki 2 hivi kuonekana wodini, maana aliyeambukizwa jana hata kukohoa hajaanza. Wanaosubiri uthibitisho kamili huupata wodi zikiwa zimejaa.

Kisha shusheni makadirio hadi stoo. Mgonjwa wa oksijeni ya lita 10 kwa dakika hutumia lita 14,400 kwa siku, yaani mitungi mikubwa 2 ya lita 7,000 na ushee. Kiongozi akitajiwa wagonjwa 300 huitikia kwa kichwa tu. Akitajiwa mitungi zaidi ya 600 kila siku, huuliza inajazwa wapi. Hapo ndipo kikao huanza kweli.

Takwimu zikikosekana, ushauri nao hukosekana. Tanzania iliacha kutangaza idadi ya wagonjwa mwishoni mwa Aprili 2020. Kamati ya wataalamu wa UVIKO-19 iliyoongozwa na Profesa Said Aboud ilipowasilisha ripoti Mei 2021, miongoni mwa mapendekezo yake ilikuwa kutoa takwimu. Maabara zikizidiwa, tafuteni njia ya mkato iliyo ya kweli. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, huko Kilifi walipima damu iliyokwisha kuchangwa na Wakenya kati ya Aprili na Juni 2020, wakakuta kingamwili, alama ya kwamba mtu aliwahi kuambukizwa, kwa takriban mtu 1 kati ya 20, kiwango cha juu mno kuliko wagonjwa waliothibitishwa.

Andikeni karatasi mbili, msizichanganye: ya wataalamu, inayosema nini kinatarajiwa, na ya viongozi, inayosema tumechagua nini na kwa nini. Septemba 2020 SAGE ilishauri kufunga nchi kwa muda mfupi. Serikali ikachagua masharti ya eneo kwa eneo, kisha Novemba 5 England yote ikafungwa. Kupima uchumi dhidi ya maradhi ni kazi halali ya serikali. Lakini msemaji anayerudia "tunafuata sayansi" anauficha uamuzi wa kisiasa nyuma ya koti jeupe, na mambo yakiharibika lawama huangukia maabara. Kumbukumbu za SAGE zilichapishwa, kwa hiyo msomaji anaweza kuona nani alishauri nini na lini.

Mwisho ni muda wa zuio lenyewe. Kafyu ya Kenya ilianza Machi 27, 2020, ikaondolewa Oktoba 20, 2021. Siku ileile mnayosaini zuio, andikeni litapitiwa lini, nani ataleta takwimu, na wagonjwa wa oksijeni wakishuka chini ya idadi gani litaondolewa. Bila hayo kila wiki litaongezewa wiki nyingine, kwa kuwa hakuna afisa anayetaka saini yake iwe ya kwanza kuliondoa.