Mume wangu anatania mwandiko wake, aibu naona mimi

*Shangazi, mume wangu ni mwalimu mstaafu, ana ugonjwa wa Parkinson mwaka wa tatu sasa. Mwandiko umemharibika, naye kaugeuza mzaha. Juzi kwenye kikao cha harusi alijaza kadi ya mchango, mweka hazina akashindwa kuisoma. Akamjibu mbele ya watu: "Hapo sikuandika mimi, walipita sisimizi." Uso mkavu, hata kutabasamu hatabasamu! Wageni hawajui wacheke au walie. Siku hizi kila karatasi namjazia mimi. Nimwambieje aache kunidhalilisha? Mama Wawili, Tanga.*

Pole, mwanangu, kuuguza ni kazi. Pole yenyewe ndiyo hiyo.

Anakudhalilisha wewe? Kwani mkono ni wa nani? Mtu aliyeshika chaki maisha yake yote anaona herufi zinaanza kubwa, zikifika mwisho wa mstari zimesinyaa kama dagaa juani. Si uzembe. Seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili, zinakufa, na ubongo ukikosa dopamini mkono hufupisha kila mwendo. Hata huo uso mkavu unaousema ni ugonjwa, misuli imekakamaa. Anacheka ndani, nje hakutoki kitu. Wewe umemnunia kwa tabasamu asiloweza kulitoa, na ule utani ndio tabasamu lililombakia.

Halafu hilo la "namjazia mimi" umelipitisha harakaharaka. Alikuomba? Nahisi ulimpokonya kalamu ili watu wasione. Ndoa za siku hizi bwana! Picha za sare za kitenge tunazitaka, ugonjwa tunauficha chumbani kama godoro lililotoboka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mrudishie kalamu, tena iwe nene. Mnunulie daftari la mistari mipana, aandike herufi kubwa kwa makusudi, pole pole, saa ambayo dawa imekolea. Vidonge asirushe saa yake. Na mwandiko ukizidi kusinyaa mwambieni daktari, naye anautumia kupima hali yake. Akisema sisimizi, wewe muulize wamebeba nini. Wageni watacheka wakikuona wewe umecheka.

Jambo moja zaidi. Barua yako ya mkono imenifikia ikiwa na mstari pembeni, wino mwingine, herufi ndogondogo. Nadhani ni yeye uliyemtuma posta. Nimevaa miwani, nimeusoma wote. Umesema nini, kamuulize mwenyewe.