Breki za gari la kujiundia: angalia nipeli ya kutolea upepo kabla hujatoa pesa

Wiki iliyopita kaka mmoja wa Leicester, Uingereza, aliniandikia. Amejiundia gari dogo la wazi, la mtindo wa Lotus Seven, na anasema akikanyaga breki ni kama amekanyaga godoro. Ameshatoa upepo kwenye mabomba ya breki mara tano. Sasa anataka kununua masta silinda mpya, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedeli.

Godoro hilo nalijua. Langu niliunda Coventry kwa miaka mitatu, injini na breki zikitoka kwenye Ford Sierra chakavu. Siku ya kwanza linatembea, nilikanyaga pedeli ikazama karibu iguse sakafu. Tukaanza kutoa upepo. Mke wangu juu anakanyaga, mimi chini na kimpira na chupa ya jemu, usiku baada ya usiku, mpaka akaniambia magoti yanamuuma. Nikanunua masta silinda. Wapi! Nikamwita fundi mmoja, akalizunguka gari mara moja, akasema kazi hii si ya watu kama mimi. Neno hilo halijanitoka hadi leo.

Fundi hakuinama. Mimi niliinama Jumamosi moja asubuhi, nikamulika tochi nyuma ya gurudumu la mbele. Nipeli, ile skrubu ndogo yenye tundu la kutolea upepo, ilikuwa inatazama chini. Kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, ya kulia nilikuwa nimeifunga kushoto, ya kushoto kulia, na bolti zote zilikubali bila ubishi! Upepo hupanda juu ya mafuta. Nipeli ikiwa chini, utamwaga mafuta mwaka mzima na upepo umekaa pale pale juu, unakungoja. Nilizibadilisha, nikatoa upepo mara moja tu, pedeli ikasimama imara.

Imara, lakini gari bado halikusimama vizuri. Ugonjwa wa pili huo. Masta silinda ya Sierra yangu ilikuwa ya milimita 22.2, imeundwa isaidiwe na busta, kifaa cha kuongezea nguvu ya mguu, na gari langu halina busta. Ile mpya niliyonunua kwa hasira ilikuwa saizi ile ile. Nilipofunga ya milimita 17.8, kwa nguvu ile ile ya mguu presha ilipanda kwa zaidi ya nusu. Pedeli inashuka zaidi, hilo ni la kawaida.

Kwa hiyo ndugu zangu, sikilizeni mguu. Pedeli laini mara nyingi ni upepo. Ngumu na gari halikamati, tazama saizi ya masta silinda, na pedi kama zimeng'aa. Ukishikilia pedeli ikazama polepole, mafuta yanavuja mahali, au mpira wa ndani ya masta silinda umekufa. Tazama kwanza, nunua baadaye. Na usimsikilize anayekuambia breki zitazoea zenyewe. Pedi mpya huzoeana na diski, upepo hauzoei kitu. Usimpakie mtoto wako kwenye gari lenye pedeli laini, hata kwa kuzunguka mtaa mmoja. Tuna haraka ya kuonyesha tulichounda, naijua haraka hiyo, lakini breki haziombewi.

Yule kaka nilimwomba picha ya kalipa zake za mbele kabla hajaagiza chochote. Imefika jana usiku. Nipeli zote mbili zinatazama sakafu.