Kolesto ikishuka, usikate dawa

Wadogo zangu wa intani, na ninyi mliohamishiwa kliniki ya moyo juzi: nimepitia mafaili na kukuta tena sentensi ileile kwa miandiko tofauti, "Kolesto ya kawaida, statini isimamishwe." Nawapenda, lakini mnanizeesha. Mgonjwa aliyeshapata mshtuko wa moyo hapewi statini, dawa ya kushusha kolesto, ili karatasi ya maabara ipendeze.

1. Tibu hatari, usitibu namba. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka mwaka 2002, Heart Protection Study, uliwafuata watu 20,536 walio katika hatari kubwa, nusu yao wakipewa simvastatini miligramu 40. Mishtuko ya moyo na viharusi vilipungua hata kwa wale ambao LDL yao, yaani kolesto mbaya, ilikuwa chini ya 3.0 mmol/L tangu mwanzo.

Hayo niliyajua, niliyajibu hata kwenye mtihani, na bado nikamkosea mzee mmoja, seremala. Alikuwa ametoka kwenye mshtuko wa moyo, na hakukosa kliniki. Siku hiyo alikuja na mkewe na mfuko wa dawa, akamwaga vyote mezani. Akasema dawa ni nyingi na zote ananunua kwa fedha yake, tumpunguzie walau moja. Foleni ilikuwa imefika nje. Nikatazama majibu: LDL 1.3, hakuna alama ya tahadhari hata moja. Nikachora mstari juu ya atorvastatini, statini yake, nikamwambia kolesto yake sasa ni nzuri. Walinishukuru wote wawili, nami nikaamini nimewatendea huruma.

Miezi kadhaa baadaye aliletwa usiku, kifua kimembana, jasho linamtoka. Alipona, ila moyo ulibaki dhaifu na randa hakuishika tena. Siwezi kuapa kwamba mstari wangu ndio uliomfikisha pale, maana mshipa unaweza kuziba hata kwa anayekunywa dawa. Ninachokijua ni kwamba LDL yake ilikuwa imerudi ilikokuwa kabla ya matibabu, na aliyeirudisha ni mimi. Mkewe alikuwa amekitunza kile cheti. Akanionyesha mwandiko wangu, akauliza, "Mwanangu, si ulisema imeshapona?" Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua kama vidonge vilivyobaki nyumbani bado vinafaa.

Ile 1.3 ilikuwa kazi ya dawa. Statini hulizuia ini kutengeneza kolesto, nalo ini huivuta LDL kutoka kwenye damu; ukiiacha, wiki chache tu LDL inapanda tena. Na shida ya mzee ilikuwa bei. Mfukoni mwake mlikuwa na vitamini na dawa ya tumbo ambazo hakuzihitaji. Ningekata hizo, nimtafutie atorvastatini ya bei nafuu. Kazi ya dakika tano.

2. Kwa aliyeshapata mshtuko, mwongozo wa Ulaya wa 2019 unataka LDL ishuke angalau nusu na iwe chini ya 1.4. Maabara ikikupa 55 usishtuke, hiyo ni mg/dL. Gawanya kwa 38.67 upate mmol/L. Kuongeza dozi maradufu kunashusha kama asilimia 6 tu zaidi, kwa hiyo fikiria kuongeza ezetimibi, dawa nyingine ya kushusha kolesto. Lakini kwanza uliza anakunywaje. Nilihangaika na dozi ya mama mmoja, kumbe anagawana vidonge na mumewe, kwa mapenzi kabisa, kwa kuwa naye "ana presha".

3. Akilalamika misuli, msikilize, kisha uliza anatumia nini kingine. Klarithromaisini (antibiotiki) na simvastatini havikai pamoja, wala simvastatini na ritonaviri (dawa ya VVU). Wagonjwa wa CTC, kliniki ya VVU, walio kwenye dawa za mstari wa pili, ambazo mara nyingi huwa na ritonaviri, wanahusika hapa. Pima CK, kipimo cha misuli iliyoumia, na TSH pia, kipimo cha tezi ya shingoni, maana tezi hiyo ikilegea hupandisha kolesto na kuumiza misuli kwa pamoja. Mkojo ukiwa rangi ya chai kavu, simamisha dawa saa hiyohiyo na uangalie figo. Wengi hawafiki huko. Katika utafiti wa SAMSON wa 2020, watu walioacha statini kwa sababu ya maudhi walipewa kwa zamu statini na vidonge bandia visivyo na dawa ndani. Asilimia 90 ya maudhi ya statini yalijitokeza pia kwenye vidonge bandia. Maumivu yao ni ya kweli, kwa hiyo usiwacheke. Pumzisha, anza tena na dozi ndogo, au badilisha statini.

4. Mwenye kisukari aliyevuka miaka 40 anastahili statini hata LDL ikipendeza.

5. Simvastatini usiku, atorvastatini saa yoyote anayoikumbuka.

6. Mama mwenye umri wa kuzaa, muulize kuhusu ujauzito kabla hujaandika, na kwenye cheti andika "aendelee, asiache bila kuja kliniki" kwa Kiswahili, ili na muuza duka la dawa aielewe.