Kuhusu buibui wa ua wenu

Mwanangu,

Picha nimeiona. Unauliza kama huyo buibui wa uani ana sumu, maana mjukuu wangu ameanza kutambaa. Sumu anayo, kama karibu buibui wote, ila si ya kumtia mtu hatarini. Ukimbana akauma, ni maumivu ya nyuki, basi.

Huyo ni Argiope. Nimemjua kwa mistari ya manjano tumboni, miguu aliyoipanga miwilimiwili, kichwa chini, na ule uzi mweupe wa zigizaga katikati ya utando. Wataalamu bado wanabishana kuhusu uzi huo: wapo wanaosema huwaonya ndege wasipasue utando, wapo wanaosema huvuta wadudu. Mimi nasema mwenye kazi yake aachwe na kazi yake.

Unamkumbuka yule wa Dagoretti, kwenye ua wa kayaba? Shule ulikuwa huendi kabla hujamwona. Siku ile panzi aliponasa, yule mama hakukimbilia kuuma. Alimzungusha panzi huku miguu ya nyuma ikivuta hariri, tepe kwa tepe, mpaka tukaona bunda jeupe tu. Ndipo akauma. Tulichelewa sote wawili, mama yako akafoka.

Kisha Pasaka akaja shangazi yako, na usafi wake unaujua. Eti nyumba yenye utando ni ya wavivu! Akafagia utando, buibui, na kile kifuko cha mayai kilichoning'inia majanini. Mayai mamia mle ndani. Mpaka leo tukikutana matangani namkumbusha, naye hucheka tu.

Lakini tusimfanye malaika. Mumewe, kidude kidogo hata humwoni, mara nyingi huliwa siku ya harusi yenyewe. Nyuki nao hawaponi. Utasema anapunguza mbu. Sidhani ni wengi, nisimsifu bure. Hata hivyo, mwenye kazi yake...

Nyumba ni yako na mkeo, siamui mimi. Mkitaka kumhamisha, kopo na karatasi ngumu vinatosha. Mpelekeni kwenye maua ya nyuma, utando atasuka mwingine. Mkitaka kumwacha, mtoto hamfikii kule juu. Nimekaa kimya, umeona?

Ila shangazi yako ameniambia anakuja kwenu mwezi ujao. Ufagio ataukuta wapi, hilo ni lako.

Baba