Barua kwa Mwanangu: Kivuli Hakimo Katika Picha

Fuoni, Unguja

Mwanangu mpenzi,

Assalaamu alaykum. Sisi huku hatujambo, Alhamdulillahi, na magoti yangu yametulia tangu mvua za vuli zilipokwisha. Barua yako nimeisoma mara mbili, na zile picha za nyumba mpya za Fumba, kusini ya mji, nimezitazama moja baada ya moja: kuta nyeupe, mbingu isiyo na wingu, watoto pembeni mwa bwawa la kuogelea, na bahari nyuma yao. Umeniuliza, "Mama, hivi kweli huko nje ya mji kunaishika, au ni picha tu?" Najua umeuliza kwa sababu wewe na mkwe wangu mmechoshwa na baridi ya Leicester, huko Uingereza, na akiba yenu mnataka kuiweka mahali ambapo jua halikosekani. Nitakujibu kwa urefu, kwani nimeishi nje ya mji kwa zaidi ya miaka 25, na mengi niliyoyajua niliyajua baada ya nyumba kwisha kujengwa.

Kunaishika. Lakini picha zote ulizonitumia zimepigwa asubuhi na mapema au jua likikaribia kuchwa, na hakuna hata moja iliyopigwa saa nane mchana. Nataka uanze kuifikiria nyumba yako kuanzia saa hiyo, kwa sababu mwenye kuishi hapa, khasa mwanamke anayebaki nyumbani na watoto, sehemu kubwa ya siku yake ni kati ya saa nne na saa kumi.

Wewe ulizaliwa tukiwa bado mjini, Kikwajuni, katika yale majumba yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964. Marehemu baba yako, Mwenyezi Mungu amrehemu, alitamani uwanja wake mwenyewe, kisima, na mlango usiofikiwa kwa ngazi. Tulinunua kipande Fuoni kwa mzee mmoja ambaye familia yake ilipewa eka tatu Serikali ilipogawa mashamba baada ya Mapinduzi. Palikuwa na minazi mikongwe na miembe miwili. Jambo la kwanza tulilolifanya lilikuwa kuiangusha yote ili fundi apate nafasi, nami nilifurahi kuona mwangaza unaingia. Hilo ndilo kosa ninalolijutia kuliko jingine lolote katika nyumba hii.

Sebule tuliielekeza magharibi kwa kuwa njia ilikuwa upande huo, na juu tukaezeka bati bila dari, tukisema dari itafuata mwaka ujao. Ikafuata baada ya miaka sita. Visiwa vyetu viko karibu sana na ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hupita juu ya utosi kabisa, na bati hulipokea lote. Katika miezi ya kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, ilipofika saa tisa ukuta wa magharibi ulikuwa haugusiki, na usiku ndipo ulipoanza kuutoa ule moto uliokuwa umeumeza mchana kutwa. Ulikuwa ukilala barazani kwenye mkeka, na mimi nikikupepea kwa kipepeo cha ukindu hadi mkono unakufa ganzi. Wazee waliojenga Mji Mkongwe walilijua jua hili, ndiyo maana kuta zao ni za mawe na chokaa, nene kuliko urefu wa mkono wako mpaka kiwikoni, na vichochoro vyao ni vyembamba kiasi kwamba nyumba moja huikinga nyingine. Sisi tuliokimbilia nje ya mji tulitaka nafasi, tukaipata, na ndani ya nafasi hiyo hapakuwa na kitu cha kutukinga.

Usiseme kwamba viyoyozi vitamaliza jambo hilo. Unaikumbuka ile miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja nzima ilipokosa umeme baada ya njia inayotoka bara chini ya bahari kuharibika? Ulikuwa ukisoma kwa kandili. Njia mpya yenye uwezo mkubwa zaidi ilizinduliwa mwaka 2013, na hali ya leo si ile ya wakati ule, lakini nyumba isiyokalika bila mashine ni nyumba iliyojengwa vibaya, hata umeme usipokatika abadani, kwa maana gharama yake mtailipa kila mwezi.

Kisha kuna masika, ambayo katika picha hayapo kabisa. Eka tatu za Fuoni ziliuzwa vipande vipande, kila mtu akajenga alivyoweza, na hakuna aliyeacha njia ya maji wala njia ya gari. Mashimo ya mchanga yaliyokuwa yakinywa mvua tuliyajaza kifusi na kuyajengea kuta. Katika masika makubwa, maji yalikuwa yakiziba barabara pale Kibondemzungu, nasi tukawa kama tuliomo ndani ya kisiwa kingine, mjini hatufiki na mjini hawatufikii. Usiku mmoja jirani yetu alishikwa na uchungu wa kuzaa, na gari haikuweza kuingia kwa sababu kichochoro kilikuwa kimebaki upana wa baiskeli. Wanaume wanne walimbeba juu ya kitanda, maji yakiwafika mapajani, hadi barabarani. Alijifungua salama, na mtoto yule sasa ni mkubwa, lakini sauti ya mama yake usiku ule bado naisikia kila mvua inapoanza kugonga bati. Mkoa wetu wa Mjini Magharibi ulihesabiwa watu 593,678 mwaka 2012, na mwaka 2022 wakafika 893,169. Watu hao wote wametafuta pa kulala, na wengi wao wamekuja huku huku kwetu.

Fumba, nakiri, imepimwa. Barabara zimechorwa kabla ya nyumba, na hilo sisi hatukulipata. Hata hivyo Fumba ni maweni. Ukichimba shimo la kupanda mti unakutana na jiwe kabla jembe halijazama, na udongo umo katika mianya ya mawe tu, kwa hiyo kivuli cha mti utakisubiri kuliko nilivyokisubiri mimi. Katika ardhi ya namna hiyo iliyo karibu na bahari, maji matamu ya mvua hukaa juu ya maji ya bahari ndani ya jiwe, na wachotaji wakizidi, chumvi hupanda. Waulize wauzaji maji yao yanatoka wapi, na uwaulize swali hilo hilo wenyeji wa Bweleo na Dimani waliokuwapo kabla ya ramani hizo. Kuhusu hati usichukue neno la mtu kwa simu. Ardhi ya Zanzibar ni ya Serikali, na anachopewa mtu ni haki ya kuitumia, basi karatasi zote zipelekwe kwanza kwa sheha, kiongozi wa mtaa, na kwa Kamisheni ya Ardhi, na mjomba wako atakwenda kwa niaba yako.

Lakini linalonitia wasiwasi zaidi ya maji na mawe ni majirani. Miaka yetu ya mwanzo hapa ilikuwa ya ukiwa ambao Kikwajuni sikuwahi kuujua. Wanaume waliondoka alfajiri na kurudi magharibi, kila mwenye uwezo alijenga ukuta mrefu, na mchana njia ilikuwa nyeupe kwa jua, hapiti mtu. Nilipanda mwembe nje ya ukuta, upande wa njia, na mwarobaini pembeni yake, nikiimwagilia kwa maji niliyooshea mchele. Mwembe ulipofikisha miaka kumi, baba yako alijenga kibaraza chini yake, na hapo ndipo mtaa ulipoanza. Bibi wa mwanzo alikuja kuchambua mchele, akafuatwa na mwingine aliyekuja kusuka ukili, na tangu siku hizo kuanzia alasiri sikai peke yangu. Nikiumwa hujulikana kabla ya adhuhuri. Ikiwa majirani zako wa Fumba watakuwa watu wanaokuja wiki mbili kwa mwaka na kufunga milango miezi iliyobaki, nani atakayejua kwamba mwanao ana homa?

Sikukatazi. Upepo wa kusi ukianza kuvuma mwezi wa Juni, ukakaa uani na chai ya mkandaa wa mchaichai, huku mapapai yakiiva juu ya kichwa chako, hutatamani kuwa kwengine popote, na wajukuu wangu nawataka karibu yangu. Ninachokuomba ni kwamba usipeleke hata senti moja kabla hujaja. Wala usije Julai kama mnavyokuja siku zote, kwa maana wakati huo hata jiko langu huwa na baridi. Njoo mwishoni mwa Februari ukae mpaka katikati ya Aprili, uonje kaskazi inavyoishia na masika yanavyoingia. Mtakwenda Fumba kwa daladala, mfike saa nane mchana, na mtembee kwa miguu kutoka kituoni hadi kwenye hicho kiwanja, watoto mkiwa nao. Mkirudi na bado mnaitaka, tutakaa na fundi tuchore nyumba yenye madirisha ya kaskazini na kusini, ukuta wa magharibi usio na dirisha, na baraza pana mbele.

Chumba chako cha zamani, kile cha upande wa mwembe, nimekipaka chokaa. Niandikie tarehe mapema ili nitafute chandarua kipya cha kitanda kikubwa.

Mama yako